Pe Iliyopotea Njia ya Maskati

Wanangu mnaoanza kazi za kompyuta, kabla hamjamwambia mteja kwamba mashine yake imeharibika, iulizeni kwanza inaongea lugha gani. Tazameni pale chini pembeni ya skrini, karibu na saa, kwenye viherufi viwili vidogo ambavyo hakuna anayevijali. Nimekaa kwenye kiti cha kuchapia mpaka kiti kikanitoa mgongo, na ninawaapia kwamba magonjwa mengi niliyoletewa dukani hayakuwa magonjwa. Mashine imewekewa lugha moja, mwenyewe anaandika nyingine, basi kutwa wanazozana.

Duka langu lilikuwa Mbagala, ndani kidogo kutoka Barabara ya Kilwa, katikati ya muuza mabati na kinyozi. Wananiita Mama Sifa, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nimezaliwa Songea, ndoa ndiyo iliyonileta Dar, na kazi hii niliianza kwa taipureta, ile ya kugonga mpaka vidole vinaota sugu. Taipureta haikuwa na mambo mengi. Ukigonga A inatoka A, na ukikosea unajua aliyekosea ni wewe. Nilipopata kompyuta ndipo nilipogundua kwamba herufi nayo ina siri zake, na mimi siri hainipiti hivihivi. Nikiona mlango umefungwa lazima nichungulie.

Siku za mwanzo alinijia katibu wa kamati ya harusi, nimchapie barua ya kuomba ukumbi. Akachungulia skrini, akashtuka.

"Mama Sifa, mbona kila neno umekosea?"

Kweli, chini ya kila neno palikuwa na mstari mwekundu, ungedhani barua ina upele. Nikamweleza kwamba mashine inadhani tunaandika Kiingereza kibovu. Hakuniamini. Akasema kompyuta haiwezi kudanganya, akasimama begani kwangu na kunilazimisha kukubali masahihisho ya mashine, moja baada ya jingine. "Kama" ikawa "karma." Tulipofika mwisho, hakuna mtu Mbagala nzima ambaye angeweza kuisoma ile barua. Dawa yake ni ndogo: chagua maandishi yote, nenda penye lugha, iambie mashine kuwa hiki ni Kiswahili. Kama Kiswahili hakimo, iambie isikague kabisa. Afadhali mwalimu akae kimya kuliko asahihishe somo asilolijua.

Jirani yangu muuza mabati naye alikuwa na yake. Alichukia kuona kompyuta inasema tisa wakati ni saa tatu asubuhi. "Tuko Tanzania bwana," akasema, akairudisha nyuma mpaka ikasema tatu. Akafurahi. Ishu ilikuja pale mkewe alipoona barua pepe zote za asubuhi zimegongwa muhuri wa usiku wa manane, akataka kujua ni nani huyo anayeandikiwa saa hizo. Niliitwa kama shahidi. Nikaeleza, nikarekebisha saa, na ndoa ikapona.

Hayo ni ya kucheka. Ninayotaka myashike ni ya Bi Saumu, maana pale herufi moja tu nusura iwatenganishe watu waliotoka tumbo moja.

Bi Saumu alikuwa mwenyeji wa Temeke kwa baba na kwa babu, mjane, mwanamke wa maneno na kanga mbili safi. Kwangu alizoea kuja kutoa kopi. Siku hiyo hakuleta karatasi yoyote. Alikaa kwenye benchi mpaka wateja wakapungua.

"Shikamoo Bi Saumu."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hicho kidude chako kinajua kuandika herufi zetu?"

"Herufi zenu zipi tena?"

"Za chuoni."

Nilidhani anataka dua ya kutundika ukutani. Sivyo. Bi Saumu ni wa wale wasichana wa pwani waliosomeshwa chuoni tu, chuo cha Kurani kwa maalimu, shule hawakupelekwa. Kiswahili chake chote anakiandika na kukisoma kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Mpe gazeti atakurudishia. Mpe maneno yaleyale kwa herufi za chuoni, atakusomea huku anapepeta mchele. Mimi ndio kwanza nilikuwa nasikia kuwa kitu hicho kipo, na nimeishi Dar tangu usichana wangu.

Akanieleza shida yake. Mdogo wake, Bi Zuhura, aliolewa Maskati zamani hizo, na huko ndiko alikozeekea. Walisoma chuo kimoja, kwa mkeka mmoja. Sasa mume wa Bi Zuhura alikuwa amefariki, na yeye yuko ndani anakaa eda. Bi Saumu hawezi kusafiri kwa sababu kiharusi kilimpitia upande wa kulia. Na simu haifai, maana masikio ya Bi Zuhura yameziba kabisa. Walionyeshana nyuso kwenye simu ya mjukuu, wakalia, wakakata.

"Mdogo wangu kafiwa na mume," akasema, "na mie dada yake sijampa pole. Mashoga wamempa, majirani wamempa, mie bado. Unaliona hilo?"

Nililiona. Nikamwambia aandike kwa mkono, tupige picha tuitume. Akanyanyua mkono wa kulia kwa msaada wa kushoto, akauachia ukaanguka mapajani.

"Huu haushiki hata kijiko."

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto ulichapwa fimbo toka utotoni usiandike. Leo ndio uniandikie?"

"Basi maalimu wa hapo mtaani akuandikie."

"Maneno ya dada kwa mdogo wake nimpitishie mwanamume?"

Nikamtaja Nassor, mtoto wa Bi Zuhura, aliyekuwa akipiga simu kuleta habari. Akatikisa kichwa. Nassor amezaliwa huko, Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Tena naye kafiwa na baba, abebeshwe na maneno ya wazee? Halafu akanyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akakiweka mbele ya pua yangu.

"Hiki kinabonyeza rimoti ya televisheni. Kitabonyeza na hapo. Wewe niwekee herufi tu."

Nikampigia Fundi Mosi. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Kwa umri alikuwa mdogo wangu, lakini kwa kompyuta alikuwa baba yangu. Alikuwa akihudumia ofisi za mawakala wa forodha kule Kurasini, kwenye makontena, ambako nyaraka zinakuja kutoka kila pembe ya dunia, na nyingine zikifunguliwa unaona vidudu vitupu. Yeye ndiye aliyenifungua macho siku nilipoharibu bango la mwenye bucha wa Tandika. Nilimwandikia NYAMA YA NG'OMBE, nikapeleka faili kwa wachapaji, likarudi limeandikwa NGâ€™OMBE, kwa herufi kubwa, na alama ya pesa za Ulaya katikati ya ng'ombe. Watu wakawa wanamuuliza bwana bucha kama siku hizi nyama anauza kwa euro.

Nikamuuliza Mosi kile kialama kidogo cha ng' kimefikaje huko. Akanijibu kwa nyumba.

"Mama Sifa, kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Kila herufi ina namba, kama nyumba. Sasa nyumba namba kumi na nne ipo Mbagala, na namba kumi na nne ipo Mwenge. Ukimpa mtu namba bila kumtajia mtaa, atabisha hodi kwa watu baki. Wewe uliandika mtaa mmoja, wao wakasoma mtaa mwingine."

Nalishika hilo mpaka leo. Kila faili ina mtaa wake, na mteja hatakuambia ni upi kwa sababu hajui kama mitaa ipo.

Mosi akaja Mbagala, akamwamkia Bi Saumu, akakaa kwenye kiti changu. Tukaingia kwenye setingi za lugha, tukaongeza Kiarabu, na pale chini pembeni pakatokea viherufi vipya. Nilifurahi kama niliyepata chumba cha ziada ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kumbe kilikuwemo siku zote!

Kazi ilikuwa kwenye kibodi. Vitufe vina A, B, C, na Bi Saumu hizo hazijui. Nikakata vipande vya selotepu ya karatasi, nikawa nanakili herufi kutoka kwenye picha ya skrini na kubandika. Mimi nilikuwa nachora tu, kama mtoto anayechora nyumba. Bi Saumu akaja kukagua, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Sifa, nukta hizi unazitupa tu kama mchele wa kuku? Hii umeweka juu, inakaa chini. Hapa umeweka mbili, ni moja."

Nikabandua, nikabandika upya, yeye akinisomesha: be nukta moja chini, te mbili juu. Niliporudi nyumbani nilikuwa nachora be kwenye unga wa ugali. Mume wangu akaniuliza kama nimesilimu.

Mkumbuke pia kwamba maandishi yale yanakwenda kinyume na mazoea yetu. Kile kimstari kinachowaka kinahamia kulia, mshale wa kwenda mbele unakurudisha, na ukifuta, kinafutika usichokitazamia. Tena msiyapeleke kwenye kila programu. Mimi nilijaribu kwenye ile niliyotengenezea kadi za harusi, iwe na maua pembeni. Herufi zikaachana, kila moja imesimama peke yake, na mpangilio umegeuka nyuma mbele. Bi Saumu aliangalia akasema, "Mmezichinja." Tukarudi kwenye programu ya kawaida ya kuandikia, zikashikana mikono.

Akaanza kubonyeza. Kidole kinazunguka juu ya vitufe, kinashuka, kinasubiri. Baada ya salamu kikazunguka muda mrefu, hakikushuka.

"Pe iko wapi?"

Hatukuiona pe. Mosi akatafuta, mimi nikatafuta.

"Hii mliyoniwekea ni ya Kiarabu," Bi Saumu akasema, na sasa alikuwa amekasirika. "Mie siandiki Kiarabu. Naandika Kiswahili. Mwarabu hana pe, sie tunayo. Chukua be, itie nukta tatu chini. Sasa hapa nitampaje pole bila pe?"

Jamani! Neno lenyewe alilolijia, lile moja, linaanza kwa herufi isiyokuwepo. Mosi akakuna kipara chake, akasema Wairani wanayo pe. Tukaongeza na kibodi ya Kiajemi. Ukibonyeza vitufe viwili pamoja unahamia kwa Wairani, unachukua pe, unarudi kwa Waarabu. Nikabandika selotepu nyingine, nikaiandika kwa kalamu nyekundu. Bi Saumu alipoona ile herufi imetokea kwenye skrini na nukta zake tatu chini, alisema alhamdulillahi, akaendelea.

Asubuhi nyingi zilikwisha hivyo. Wateja wakija wanamkuta bibi amekaa kwenye kiti cha mwenye duka, na mimi nimesimama pembeni nasubiri kuhama lugha. Anachoandika sikijui. Nilikuwa naangalia uso wake tu, mara anatabasamu, mara anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Udadisi ulinitafuna, lakini ningesoma nini? Kwangu ile ilikuwa mistari na nukta.

Alipomaliza nikaitoa kwenye printa ili aikague. Haina kosa hata moja, akasema. Nikainakili kwenye programu yangu ya barua pepe, ile kongwe niliyoizoea, na Mosi akanikumbusha tuchague mtaa. Tukafungua orodha ya usimbaji, yaani ya hiyo mitaa ya herufi. Tukaona pameandikwa Kiarabu. Tukatazamana, tukakubaliana, nikabonyeza. Kwenye skrini yangu kila kitu kilikuwa kimetulia. Barua ikaenda Maskati, kwa Nassor, amchapie mama yake kwa herufi kubwa.

Siku ya pili Nassor akapiga simu ya Bi Saumu, naye yupo dukani. Akaweka sauti ya nje.

"Mama mkubwa, wallahi mama kakasirika. Kalia sana. Kasema asiletewe tena barua yako."

"Kwa lipi, mwanangu?"

"Umeuliza walii. Mwanzo kabisa, umeuliza walii. Mimi mwenyewe nimesoma."

Sitausahau uso wa Bi Saumu. Kwa nyie msiojua, walii ni yule mzee anayemwozesha mwanamke, baba yake au kaka yake. Mwanamke yuko ndani na eda ya mumewe, kaburi bichi, na dada yake wa damu anamwandikia kumuuliza walii wake nani, maana yake aolewe tena. Hata kwa mimi wa Songea hilo ni tusi.

"Mie?" akasema. "Mie nimuulize Zuhura walii?"

Nassor alikuwa ameshakata. Bi Saumu akaiweka simu mapajani. Halafu akasema polepole, "Sie ni wazee, Mama Sifa. Mie na huu mkono, yeye na masikio yake. Sitaki tufe mdogo wangu akiniona adui."

Niliogopa. Nikaifungua ile barua kwenye mashine yangu, nikamwonyesha. Akasoma, ni maneno yake yaleyale, walii hayumo. Mosi alipokuja jioni alisema jambo moja tu, nami nawasihi mlishike: usiangalie ulichotuma, angalia walichopokea. Tukamwomba Nassor apige picha ile karatasi aliyompa mama yake. Picha ikaja kwenye simu ya Mosi, Bi Saumu akaishika karibu na pua.

Akaangalia. Akaangalia tena.

"Pe zangu ziko wapi?"

Kila palipokuwa na pe palikuwa na alama ya kuuliza. Kila mahali! Akatuonyesha neno la kwanza kwa kidole. Pole, kwa herufi zao, ni pe, wau, lamu, ye. Pe imeliwa. Kilichobaki ni wau, lamu, ye, na hizo ukizisoma ni walii, hasa kama ni Nassor, aliyesoma kwa Waarabu na neno hilo analijua. Na pale mwanzo, pe ilipokuwa, imesimama alama ya kuuliza, kwa hiyo neno likasomeka kama swali. "Pole mdogo wangu" imekuwa "Walii? Mdogo wangu."

Bi Saumu alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio humohumo, na mimi nikalia naye, sikuona haya. Mosi aliinama chini ya meza akajifanya anaangalia nyaya.

Sababu yake ndiyo hii. Ule mtaa tuliouchagua ulijengwa kwa ajili ya Waarabu, na Waarabu hawana pe, kwa hiyo hakuna aliyejenga nyumba ya pe. Mashine ilipofika hapo haikumwona mwenyeji, ikaweka alama ya kuuliza na kuendelea na safari. Haikutuambia. Bi Saumu alikwishatuambia kwa mdomo wake kwamba haandiki Kiarabu, nasi tukasikia, tukatafuta pe kwenye vitufe, halafu kwenye kutuma tukasahau. Mtu akikuambia lugha yake, isikilize mpaka mwisho wa kazi.

Dawa ilikuwa kwenye orodha ileile, mistari michache chini, imeandikwa UTF-8. Huo, akasema Mosi, ni mtaa mmoja mkubwa waliokubaliana dunia nzima, na kila herufi ina nyumba yake ambayo haigombanii na mtu: pe ya Bi Saumu, ng' ya bwana bucha, Wachina, Wahindi, wote. Mimi tangu siku ile sikuchagua kingine, na kila mashine niliyoigusa niliiweka hivyo kabla sijafanya lolote.

Lakini safari hii hatukutuma kwa imani. Nikamwomba Bi Saumu aandike sentensi yenye pe nyingi kuliko zote awezazo. Hakufikiri hata kidogo. "Pita Pemba upate papai, pweza na pilipili pipa zima." Tukamtumia Nassor, tukamwambia asimpe mama yake, apige picha tu. Picha ikarudi, Bi Saumu akazipitia pe kama mama anayehesabu watoto wake, akasema wamefika wote. Jaribio liwe gumu kuliko kazi yenyewe. Mkijaribu kwa herufi rahisi, mtajisifu bure.

Sasa ilibaki barua, na Bi Zuhura ameshasema haitaki. Nikapendekeza tumweleze Nassor, naye amweleze mama yake kwamba ni kosa la kompyuta. Bi Saumu akanitazama.

"Atamwelezaje kiziwi habari za mitaa ya herufi? Nitaandika mwenyewe."

Akaandika. Haikuwa ndefu kama ile ya kwanza. Safari hii kidole kilikuwa kimezoea, hata kuhamia kwa Wairani alihamia mwenyewe, mimi nikabaki sina kazi. Tukatuma. Nassor akasema atajaribu: ataiweka karatasi kando ya birika la kahawa, atatoka chumbani.

Tukasubiri. Kila asubuhi Bi Saumu alikuja akakaa kwenye benchi, akiuliza kama kuna lolote, nami nikifungua na kumwambia bado. Kinyozi wa jirani naye akaanza kuuliza. Muuza mabati akauliza. Yule bibi hakulalamika, ila nilimwona anakonda, na chai niliyomwekea aliiacha ikapoa. Nilianza kujiuliza kama kuna setingi nyingine tuliyoisahau. Nikaikagua mashine yote, kitufe kwa kitufe, lakini mashine ilikuwa salama. Kilichobaki kilikuwa moyoni mwa mtu, na huko mimi sina pa kubonyeza.

Halafu ikaja. Haikuwa imechapwa. Bi Zuhura alikuwa amechukua kalamu akaandika kwa mkono wake, Nassor akapiga picha. Mistari na nukta tu kwangu mimi, lakini hata mimi niliona kwamba mwandiko ule umeandikwa bila haraka. Nikaitoa kwenye printa kwa ukubwa wote wa karatasi, nikampa.

Aliisoma kimya, midomo ikicheza kidogo. Nikaangalia uso wake kama nilivyozoea. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi, mteja wake amemwacha na nusu ya kichwa. Bi Saumu akafika mwisho, akarudi juu, akaisoma tena. Mimi uvumilivu ukaniishia.

"Bi Saumu, kasemaje?"

"Mengi ni yetu wawili," akasema. "Lakini hili nitawapa, maana mmelihangaikia."

Akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akasoma kwa sauti:

"Umeniuliza walii. Baba hayupo, kaka zetu wote hawapo. Walii wangu umebaki wewe, dada."

Kanga ilikuwa imemwangukia mabegani na hakuijali. Alikuwa anacheka na machozi yanamshuka, vyote kwa pamoja, na mkono wa kushoto tayari unanisukuma.

"Haya Mama Sifa, nipishe kwenye kiti, nimjibu."